Chumvi ya Siku ya Mwaka

Walipokuwa wakigawana vitu vya Bibi, mimi niliomba kopo la chumvi. Shangazi alidhani natania. Sebuleni kulikuwa na cherehani ya mkono, kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa, saa ya ukutani iliyotembea inapopenda, na birika la shaba lililofuliwa na mafundi wa mji huu huu. Vitu ambavyo mtu anaweza kuwaonyesha wageni. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga. Ukingo wake ulikuwa umeshika kutu, na chumvi iliyokuwamo iliganda zamani ikawa jiwe moja la kijivu, linalogonga bati kila unapolitikisa.

"Hii njo unataka?" Shangazi aliuliza. "Na cherehani?"

"Cherehani achukue Zuberi."

"Weye, bitabu bilikuharibia kichwa."

Nililifungua kopo pale pale, nikaweka pua. Chumvi haina harufu, hilo najua. Lakini mimi nilisikia majivu yaliyomwagiwa maji, na utomvu wa mgomba uliokatwa alfajiri, na baridi. Kwani baridi ya mji wetu ina harufu yake, ya moshi wa makala, kama tunavyoita makaa, uliolala chini kwa kuwa hauna nguvu ya kupanda.

Nyumba yetu ilikuwa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kwenye barabara ya vumbi jekundu ambalo liliingia hata ndani ya mkate. Mwaka wetu haukufanana na mwaka wa majirani. Krismasi tulikuwa nayo, kwa sababu Mama alikuwa Mkatoliki kutoka kaskazini, binti wa mfanyakazi wa reli, na siku hiyo tulikwenda kwa wajomba kula kuku. Idi tulikuwa nazo zote mbili. Lakini juu ya hizo kulikuwa na mwaka mwingine ambao Bibi, mama yake Baba, aliubeba peke yake, kama mtu anayebeba beseni la maji kichwani na hataki tone limwagike. Huo ulikuwa mwaka wa mji mdogo wa pwani alikotoka baba yake, Mzee Salehe, fundi wa nguo, aliyefika Katanga akiwa kijana na mkasi wake, akaoa huku, akazikwa huku.

Sisi tulimwita Bibi, kama watu wa pwani, ingawa nje ya lango letu neno hilo ni la mke. Watoto wa jirani walimwita kambo, kama walivyomwita kila mzee. Yeye aliitika yote.

Aliusema mji ule kama mtu anavyosema soko analoliendea kila Jumamosi. "Ukifika kwetu," aliniambia huku akichambua mchele, "asubuhi usilale. Nenda ukatembee ukutani mwa bahari kabla jua halijakaza. Ukirudi, pita kwa mwanamke wa mkate wa kumimina, mlango wa tatu baada ya msikiti. Usinunue kwa yule wa pembeni, anazidisha hamira. Jioni kaa barazani, utazame watu. Kuna nini kingine cha kufanya duniani?" Kisha alinitajia sikukuu, moja baada ya nyingine, na kila moja na namna yake. Nilijua mpangilio wa mwaka wa mji ule kabla sijajua miezi ya shuleni kwa Kifaransa.

Nilidhani mji huo uko Kasumbalesa. Kosa hilo lilikuwa na sababu. Baba alifanya kazi huko mpakani, wakala wa forodha, na alirudi nyumbani mwisho wa juma akiwa na vumbi la malori kwenye nyusi. Malori yale, alisema, yanatoka baharini. Madereva walimpa dagaa, walimpa nazi zilizoanza kuota, na mara moja kila mwaka walimpa mfuko wa chumvi ya mawe, ambayo Bibi aliilamba kwanza ndipo aikubali. "Hii ni yenyewe," alisema, au, "Mwambie huyo dereva amekudanganya, hii ya dukani." Kwa hiyo kichwani mwangu malori yalipanga foleni ufukweni, mawimbi yakigusa magurudumu yao, na Baba akikaa mezani kwenye mchanga, akipiga mihuri.

Kila sikukuu ya pwani tuliifanya kwa vitu tulivyokuwa navyo. Kule kwao ng'ombe alizungushwa mji mzima, watu wakimfuata kwa dua, ili maradhi yasiingie. Sisi tuliazima mbuzi wa Mama Kasongo, jirani wa ukuta kwa ukuta, tukamzungusha barabara yetu na ile ya nyuma, Bibi mbele na ubani, mimi na binamu yangu Zuberi, mtoto wa Shangazi, nyuma tukishika kamba. Mwaka mmoja mbuzi alitukokota hadi kwenye bustani ya watu akala mboga yote ya lengalenga. Mama Kasongo hakukasirika. "Mbuzi yangu ilishageuka muislamu," aliwaambia wanawake wa bombani. "Mwaka hii nitaitafutia kofia."

Siku ya mwisho kabla ya Ramadhani, watu wa kule walikwenda kula ufukweni, wakaiita kuvunja jungu. Sisi tulibeba sufuria hadi mahali panapoonekana kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, tukatandika mkeka. Bibi aliketi akikitazama kama watu wanavyotazama kitu kinachopumua.

Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa Siku ya Mwaka. Bibi aliitafuta kwa vidole, akihesabu siku kumi kumi, miongo aliyofundishwa na baba yake, na kila mara vidole vyake vilimwelekeza kwenye baridi kali kuliko zote, wakati wa likizo kubwa, wakati nyasi za uwanja wa mpira zinapoamka na weupe juu yake. Kule pwani, naelewa sasa, ni majira mazuri, upepo mwanana, maji kama ya mtoto. Huku kwetu watu walivaa makoti mawili. Hakuna aliyewahi kufikiri kuihamisha siku. Siku ni siku.

Ilikwenda hivi. Alfajiri moto wote wa nyumba ulizimwa, mbabula, yale majiko ya makaa, zikamwagiwa maji, na majivu yakapelekwa njia panda. Kisha mabua ya migomba yalikatwa, na yeyote mwenye neno na mwenzake alimpiga nalo, naye akajibu, na kila pigo lilitoka na maneno yake. Ukiisha kupiga, ugomvi umeisha. Hakuna ruhusa ya kulirudia neno hilo baadaye. Zuberi na mimi tuliisubiri sehemu hii mwaka mzima. Shangazi na Bibi walikuwa na mgogoro wa sufuria fulani ambao walipigana juu yake kila mwaka, bila kuusuluhisha, kwa furaha kubwa. Baada ya hapo tulikwenda baharini.

Bahari ilikuwa mto Lubumbashi, ule ambao mji umechukua jina lake. Bibi alisimama ukingoni, akafungua kopo, akatupa chumvi ya mawe majini, konzi tatu, nne, huku midomo ikienda. Kuanzia hapo ilikuwa bahari. Tuliingia na nguo zetu, tukazama mpaka kichwa, kwa sababu kichwa kisipozama mwaka haukutoki. Kila kilichokupata kilikwenda na maji: ugonjwa, aibu, ugomvi, mtihani ulioushindwa. Maji ya mto ule yalikuwa ya rangi ya chai, siku nyingine na povu, na nilikuwa na maelezo yangu. Nilijua kwamba huko juu kuna watu wengine waliotutangulia kuoga, na ile rangi ni miaka yao inapita.

Miaka hiyo Mama hakuja mtoni hata mara moja. Alibaki nyumbani kuchambua nafaka za chakula cha siku hiyo, ambacho ni lazima kichanganye mahindi, kunde, karanga, viazi, kila kilichomo ndani. Tuliporudi tukigonga meno alitucheka. "Mimi niko mutoto wa gari-moshi," alisema. "Mayi ya baridi si kazi yangu." Bibi naye alicheka. Walipendana, wale wawili, kwa namna ya watu wasiokubaliana juu ya chochote isipokuwa kiasi cha pilipili.

Kisha ukaja mwaka niliotaka kuusema.

Mama alizaa mtoto wa kiume mwishoni mwa mvua, na Bibi akaomba apewe jina la baba yake. Wakamwita Salehe. Nakumbuka kwamba alikuwa na nywele nyingi, na kwamba nilikatazwa kumbusu usoni. Hakufikisha siku arobaini. Sina zaidi ya hapo. Watu wazima waliinuka asubuhi moja na sura tofauti, na Zuberi akanipeleka kwao nikale bukari, ugali wetu.

Niliporudi nyumba ilijaa wanawake. Mama alikuwa ameketi sakafuni, na kanzu yake ilikuwa imelowa kifuani kwa maziwa ambayo hayakuwa yameambiwa. Bibi alikuwa ubavuni pake, amemshika mkono. Nilimsikia akisema, kwa sauti ile ya kulalisha, "Nyamaza, mwanangu. Siku ya Mwaka si mbali. Tutaoga, na hili nalo litakwenda na maji."

Mama aliuondoa mkono wake. Aliuondoa polepole, kama mtu anayetoa kitambaa kwenye kidonda, na tangu siku hiyo hakusema na Bibi.

Nyumba yetu haikuwa kubwa, na jiko lilikuwa moja. Kwa hiyo nilipata kazi.

"Mwambie bibi yako chumvi iko kidogo," Mama alisema, Bibi akiwa amesimama kati yetu.

"Mwambie mama yako nimeonja, inatosha," Bibi alisema.

"Mwambie, mimi njo nitakula."

Nilibeba maneno hayo umbali wa hatua moja. Baba aliporudi kutoka mpakani alijaribu kusema jambo, akatazamwa na wote wawili, akatoka nje kukagua betri ya gari. Mama alipika, alifua, alinisuka. Lakini mikono yake ilifanya kazi hiyo bila yeye. Zamani alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akifua, jambo ambalo Bibi alilichukia, akisema mwanamke apigaye mluzi anaita nyoka. Sasa hakupiga, na Bibi, nilimwona, alisimama mlangoni wakati wa kufua akisikiliza.

Mimi nilikuwa na hakika ya tiba. Bibi alikwisha kunifundisha kwamba mwaka usiooshwa unabaki ndani ya nyumba, unalala na ninyi, unakula na ninyi. Mwaka ule ndio uliokaa kifuani mwa Mama. Aoge tu, azame kichwa, na Mama wa mluzi angetoka upande wa pili. Hofu yangu ilikuwa moja: asipooga, atabaki hivi. Sikuwa na mtu mwingine wa kupewa kazi hiyo. Na nilijua, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kila mwaka, ni kitu gani kinachomzuia. Ni baridi.

Jioni ya kuamkia Siku ya Mwaka, kabla ya moto kuzimwa, nilijaza maji yanayochemka kwenye thamosi ya chai, nikaikaza kifuniko, nikaificha ndani ya mfuko wangu wa shule.

Alfajiri ilikuwa ya baridi ambayo hata mbwa waliikataa. Zuberi alikata migomba nyuma ya choo. Shangazi alimpiga Bibi kwa ajili ya sufuria, Bibi akampiga Shangazi kwa ajili ya sufuria, lakini kwa uvivu, kama watu wanaomaliza shughuli. Bibi alisimama katikati ya lupango, ua wetu, wote ukiwa na majani yaliyopasuka, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Kuna mwingine mwenye neno na mimi?"

"Niko."

Mama alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Alishuka, akamnyang'anya Zuberi bua lake.

"Sema," Bibi alisema.

Bua la kwanza lilitua begani. Lina sauti ya maji, bua la mgomba, pigo la kitu kinene na laini, na utomvu unaruka.

"Ulisema atakwenda na mayi."

Bibi alirudisha pigo, si kwa nguvu, kama desturi inavyotaka. "Nilisema uchungu utakwenda."

"Haukusema buchungu." Pigo. "Ulisema hili. Hili! Mutoto wangu si buchafu." Pigo. "Mutoto hatumuoshake!"

"Na mimi nilimzika!" Sasa Bibi naye alikuwa anapiga. "Alikuwa na jina la baba yangu!"

"Njo maana!" Bua la Mama lilikuwa limebaki nyuzi tupu, naye aliendelea nalo. "Unataka kumuosha na baba yako? Unataka bote baende?"

Mkono wa Bibi ulishuka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kulia, kwa sababu nilijua tofauti ya mchezo na ugomvi, na hiki kilikuwa cha pili. Kichwa cha Mama Kasongo kilitokea juu ya ukuta, na taulo.

"Bantu, kuyeni! Banamuua muzee! Bukwe anapiga mamukwe wake na mugomba ya banane!"

"Mama Kasongo," Bibi alisema, akihema, utomvu ukimchuruzika shingoni. "Rudi kwako. Ni sikukuu."

"Sikukuu gani ya kupigana?"

"Ya kwetu."

Mama Kasongo alitutazama wote, mmoja mmoja, akihesabu majeruhi. "Bon," alisema mwishowe. "Kama iko sikukuu, mutanitumia chakula." Kichwa kikashuka.

Bibi alimfuta Mama majani kwenye nywele. Mama alimwacha afute. Kisha akachukua mtandio wake, akasema, bila kunipitia mimi, "Twende kwa hiyo bahari yenu," na sauti yake ilikuwa ya kawaida, yenye kuchoka, kama ya mtu aliyeshusha gunia.

Ni mimi niliyetangulia njiani, na mfuko wangu wa shule mgongoni. Nilidhani kazi imekwisha kufanyika nusu. Jua lilikuwa bado; wanaume walipita kwa baiskeli na magunia ya makala kutoka porini, pumzi zao zikitangulia mbele yao. Shangazi alisimulia jambo la soko. Mama alitembea karibu na Bibi, si kando yake hasa, hatua moja nyuma.

Pale mtoni palikuwa na jiwe pana ambalo wafuaji walilitumia. Mvuke ulikuwa ukitoka majini, mwembamba, jambo ambalo Zuberi alinidanganya mwaka uliotangulia kwamba ni ishara ya mamba. Bibi alikaribia ukingo na kopo lake. Mimi nilijua ni sasa. Nilikwenda mahali ambapo mchanga unashuka kwa upole, mahali ambapo mtu asiyezoea angeingilia, nikafungua thamosi, nikaimimina yote mtoni.

Ilitoa moshi mara moja, ikapotea.

Zuberi alicheka mpaka akakaa chini. "Anachemsha mto! Mama, muangalie, anachemsha mto!"

"Ni nini hii?" Mama aliuliza.

"Ni ya moto," nilisema. "Ingia upesi kabla haijaenda. Haitakuwa baridi. Ingia hapa tu, Mama, uzamishe kichwa, halafu unatoka."

Mama alinitazama mimi, na thamosi, na maji ambayo yalikuwa yakiendelea kupita na rangi yake ya chai. Kisha aliketi juu ya lile jiwe la wafuaji, akakusanya kitenge chake magotini, na nikaona kwamba hataingia.

"Bibi," nikasema. "Tupa chumvi. Hajaingia kwa sababu bado si bahari."

Bibi alikuwa amefungua kopo. Mkono wake ulikuwa ndani. Aliutoa ukiwa na chumvi, akaushika juu ya maji kitambo, na punje chache zilizoshika utomvu wa mgomba zilibaki zimenata kwenye vidole. Halafu akaurudisha mkono koponi, akaufungua humo. Alikung'uta vidole kwa uangalifu, kila punje. Akafunika.

"Bila chumvi si bahari!" nilipiga kelele.

"Hata na chumvi si bahari, mwanangu."

"Wewe unaijua. Wewe ulioga kule."

"Mimi?" Bibi aliketi kwenye jiwe, kando ya Mama. "Mimi nilizaliwa hapa. Bahari sijaiona. Ni baba aliyekuwa akisema."

Nimefikiri sana, tangu nianze kufanya kazi ya kutunga, juu ya namna alivyolisema jambo lile. Hakukuwa na aibu ndani yake wala kilio. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mchele umekwisha. Ukuta wa bahari, mwanamke wa mkate, mlango wa tatu baada ya msikiti. Mzee mmoja alikuwa ameviweka mdomoni mwa mtoto wake huku akipiga pindo za suruali za watu wa migodini, na mtoto akavibeba miaka yote hiyo bila kuvishusha. Naye alikuwa amekaa pale na kopo mapajani, hataki kuoga, kwa sababu mkwe wake alimuuliza kama anataka wote wawili waende.

Lakini hayo ni ya sasa. Siku ile niliona tu wanawake wawili walioogopa baridi. Nikakasirika. Nikaamua kwamba kama hawataki, nitaoga mimi kwa niaba ya nyumba nzima. Nikaingia.

Sijui namna ya kuieleza baridi ya mto ule wakati wa likizo kubwa. Haina uhusiano na maji. Ilinishika vifundo, ikanishika magoti, na ilipofika kiunoni niliinama nikajimwagia kifuani na mabegani kwa viganja, nikisema maneno ya Bibi kwa mpangilio wake, lolote lililotupata liende. Na hapo ndipo nilipomkumbuka. Si Salehe kama jambo, bali nywele zake, zile nyingi, zilivyokuwa zimelala upande mmoja baada ya kuogeshwa. Nikatazama maji yanayoniacha. Yalikuwa yanakwenda upesi.

Nilitoka nikikimbia, nikianguka kwenye mchanga. Mama alikuwa amekwisha kusimama, kitenge chake mkononi, akanifunika nacho akaanza kunisugua mgongo kwa nguvu. Meno yangu yaligongana hata nikashindwa kulisema mara ya kwanza.

"Nilimuosha?" niliuliza. "Mama, nilimuosha? Ameenda?"

Mikono ya Mama ilisimama mgongoni mwangu. Alimtazama Bibi juu ya kichwa changu. Nilihisi shingo yake ikigeuka. Kisha akapitisha kiganja kwenye nywele zangu, kutoka paji hadi kisogoni, polepole, kama anayetafuta kitu.

"Kichwa iko kavu," alisema.

"Ndiyo?"

"Kama kichwa haikuingia, haihesabike. Si njo vile, Mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwita hivyo. Mwanamke ambaye hakuwahi kuja mtoni kabla ya siku ile, mtoto wa gari-moshi, aliijua sheria.

"Haihesabiki hata kidogo," Bibi alisema. "Mwaka huu wote umebaki. Kaa utulie."

Tukarudi nyumbani. Moto mpya uliwashwa, chakula kikachanganywa, na Zuberi akatumwa kwa Mama Kasongo na bakuli lililofunikwa. Alirudi na ujumbe kwamba mwaka ujao apewe taarifa mapema, aweke viti. Mama hakupiga mluzi siku ile. Ilichukua muda, na mluzi uliporudi, Bibi aliulalamikia tena, kuhusu nyoka.

Miaka iliyofuata tuliendelea kwenda. Mama alikuja nasi kila mara, akaketi kwenye jiwe, akatushikia nguo kavu, na sikumwomba tena aingie. Bibi alitupa chumvi, lakini kutoka kopo jipya. Lile la zamani liliwekwa juu ya kabati la vyombo, kisha juu ya kabati la nguo, kisha mahali ambapo mtu anapofanya usafi analisogeza bila kulifungua. Hatukupikia chumvi ile, hata zile wiki ambazo Baba hakulipwa na duka lilikataa kutukopesha. Hakuna aliyetukataza.

Sasa liko mezani kwangu, kati ya taa na karatasi. Juzi Mama alikuja kunitembelea, akazunguka chumba akikosoa pazia, na alipofika mezani akaliona. Hakuuliza limefikaje. Alilichukua, akalitikisa karibu na sikio, jiwe likagonga bati. Akasikiliza. Akalirudisha, si pale lilipokuwa, bali ndani zaidi, mbali na dirisha.

"Mvua ikikuya hapa panavuja," alisema. "Usiache mayi iifikie."